Ni Akina Nani Wanaosomea Ustawi wa Jamii?

Na Ofisa Uhusiano wa Jeshi

Ndugu msomaji, kila askari wa polisi aliyewahi kushika zamu ya usiku katika kaunta ya kituo anaijua hali hii. Saa sita imekwisha pita. Mtu anaingia akiwa amemshika mkono mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili. Mtoto huyo amekamatwa sokoni na mali ya wizi, au ameokotwa penye kituo cha mabasi bila mtu wa kumdai, au amekimbia nyumbani huku mgongo wake una alama za fimbo. Askari huandika maelezo katika kitabu cha matukio. Kisha hufanya lile ambalo Sheria ya Watoto ya mwaka 1996 inamtaka alifanye: humtafuta mzazi au mlezi, na asipopatikana, humwarifu ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya.

Kunapokucha ofisa huyo hufika, huketi na mtoto pembeni, huuliza maswali, huandika, na mwishoni huondoka naye. Askari hurejea kwenye shughuli zake akiwa ametua mzigo. Ni mara chache sana anapojiuliza: huyu niliyemkabidhi mtoto ni nani? Ametoka wapi? Waliosoma pamoja naye darasani ni watu wa namna gani? Je, anaijua lugha ambayo mtoto huyu huota nayo ndoto?

Maswali hayo yaweza kuonekana kama ya walimu na wakuu wa vyuo tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yanatuhusu sana sisi tunaovaa sare, na kwamba historia ya kazi hii ya ustawi ina askari wengi zaidi kuliko tunavyodhani.

SOMO AMBALO JESHI LIMEKWISHA KULIPIA

Wapiganaji na polisi wa Uganda hawana haja ya kufundishwa kwa kirefu kwamba sura ya watu walioandikishwa katika kazi fulani ndiyo hufanya kazi hiyo iaminiwe au iogopwe. Mkoloni alichagua askari wake kwa wingi kutoka kaskazini ya nchi, na makarani wake kwa wingi kutoka kusini. Tarehe 9 Oktoba 1962 tulipopata uhuru, tulirithi jeshi lenye uso mmoja na ofisi zenye uso mwingine. Yaliyofuata mwaka 1966, mwaka 1971 na baada ya hapo yanasimuliwa mpaka leo kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi za nchi hii.

Kwa sababu hiyo, siku hizi makuruta wanapoandikishwa, nafasi hugawanywa wilaya kwa wilaya. Katika bweni la makadeti nililolala mimi, kijana wa Kisoro alikuwa na kitanda chake ubavuni mwa kijana wa Moyo, na yule wa Soroti alikuwa mbele yao. Mwanzoni tuliona ni taabu, maana hata utani wetu haukuafikiana. Baadaye tulitambua kwamba kikosi kinapoingia katika kijiji chochote cha nchi hii, miongoni mwetu yuko mmoja awezaye kumwamkia bibi kizee kwa lugha yake. Jambo hilo dogo limeokoa roho za watu.

Basi kama bunduki inahitaji mikono ya taifa zima, je, kazi ya kuwatuliza yatima, wajane, wafungwa na wakimbizi haihitaji hivyo zaidi?

MWANZO WAKE: DARASA LA MABINTI

Kusaidiana ni desturi ya kale ya kila kabila. Lakini kuifanya iwe taaluma, yenye vitabu, walimu na mitihani, kulianza Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19, wakati viwanda vilipovuta maelfu ya watu mijini na kuwasonga katika vyumba vya giza. Mwaka 1898 chama kimoja cha hisani mjini New York kilianzisha mafunzo ya majuma sita wakati wa kiangazi. Mwaka 1899 shule ya miaka miwili ilifunguliwa Amsterdam, nchini Uholanzi. Mwaka 1908 Bibi Alice Salomon alifungua shule yake mjini Berlin, nayo ilikuwa ya wanawake peke yao.

Kwa nini wanawake? Zilikuwako sababu mbili, moja ya kusifiwa na nyingine ya kusikitisha. Ya kwanza ni kwamba mabinti wa familia zenye uwezo walikuwa na elimu, na moyo wao haukuridhika kukaa sebuleni wakingoja kuposwa, ilhali mitaa miwili mbele watoto walikufa kwa baridi. Ya pili ni kwamba milango ya mahakama, ya hospitali na ya bunge ilikuwa imefungwa mbele yao. Waliingia mlango huu kwa kuwa ndio uliokuwa wazi. Wanaume nao walisema kwamba kuwatunza maskini ni kazi ya nyumbani iliyopanuliwa tu, na kwa hiyo haistahili mshahara mkubwa.

Alama ya fikira hiyo haijafutika. Nchini Marekani hata leo, katika kila wanafunzi kumi wanaosomea kazi hii, zaidi ya wanane ni wanawake. Hali ya Uingereza inakaribiana na hiyo. Mvulana anayejiandikisha huulizwa na wenzake kama amekosea mlango.

Bibi Salomon mwenyewe aliona mwisho mchungu wa siasa ya kuwachagua watu kwa asili yao. Yeye alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1937 serikali ya Hitler ilimfukuza nchini, na mwanzilishi huyo akafia ugenini, New York, mwaka 1948.

MEJA ALIYEFUNDISHA USTAWI

Hata hivyo asije mtu akatuambia kwamba mwanamume, tena askari, hana mahali katika darasa hilo. Mwaka 1905 kijana mmoja wa Kiingereza aliyesomea sheria, jina lake Clement Attlee, alikwenda kutazama klabu ya wavulana maskini katika mtaa wa Stepney, mashariki ya London. Klabu hiyo ilifungamana na kikosi cha makadeti, na waliowaongoza wavulana walikuwa maofisa wao pia. Attlee alikwenda kwa matembezi ya jioni moja. Akaishi katika mitaa ile kwa miaka mingi. Mwaka 1912 aliajiriwa kuwa mwalimu wa mambo ya ustawi katika chuo cha uchumi cha London.

Vita vya 1914 vilipoanza, mwalimu huyo alijiunga na jeshi. Alipigana Gallipoli, akajeruhiwa Mesopotamia, na akarudi akiwa na cheo cha meja. Akarejea darasani, na mwaka 1920 alitoa kitabu kuhusu mfanyakazi wa ustawi. Kutoka mwaka 1945 hadi 1951 Meja Attlee alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na ni katika serikali yake, mwaka 1948, ndipo matibabu ya bure kwa kila mtu yalipoanzishwa huko. Kwa hakika mtu huyo alijifunza siasa yake katika vyumba vya wavulana waliokosa viatu.

MLANGO ULIOFUNGWA KWA SABABU YA RANGI

Mbali na suala la wanawake na wanaume, lilikuwako suala la rangi. Katika majimbo ya kusini ya Marekani mtu mweusi hakukubaliwa katika vyuo vya wazungu. Kwa hiyo mwaka 1920 Wamarekani weusi walifungua shule yao ya ustawi mjini Atlanta, ili watu wao wasiendelee kuhukumiwa na wageni wasioyajua maisha yao. Kuanzia mwaka 1954 mkuu wa shule hiyo alikuwa Whitney Young. Yeye aliijia kazi hii kwa njia ya jeshi. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa sajini katika kikosi cha askari weusi kilichoongozwa na maofisa wazungu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kupatanisha pande hizo mbili zisizoaminiana. Alipovua sare alikwenda moja kwa moja chuoni kusomea upatanishi huo, na mwaka 1947 akapata shahada yake.

Barani Afrika mfano mkubwa ni Johannesburg. Mwaka 1941 mmisionari wa Kimarekani, Ray Phillips, alianzisha huko shule iliyoitwa kwa jina la waziri Jan Hofmeyr. Ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya Kusini kuwafundisha Waafrika kazi ya ustawi. Na tuwatazame basi walioketi katika madawati yake.

Aliketi hapo Joshua Nkomo kutoka Rhodesia, ambaye baada ya masomo alirudi Bulawayo akaajiriwa na shirika la reli kushughulikia hali za wafanyakazi Waafrika. Kutoka hapo akawa kiongozi wa chama chao cha wafanyakazi, na hatimaye kiongozi wa ZAPU iliyopigania uhuru wa Zimbabwe. Aliketi hapo Eduardo Mondlane kutoka Msumbiji, aliyefukuzwa Afrika ya Kusini mwaka 1949 baada ya serikali ya ubaguzi kushika madaraka. Mondlane ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na ni katika mji huohuo alipouawa kwa bomu lililofichwa katika kifurushi, tarehe 3 Februari 1969.

Katika miaka ya 1953 hadi 1955 alikuwapo msichana kutoka mashamba ya Pondoland, Winnie Madikizela, ambaye baadaye aliolewa na Nelson Mandela. Baada ya kuhitimu alifanya kazi katika hospitali ya Baragwanath, na ni huko, alipokuwa akitembelea nyumba za watu na kuhesabu vifo vya watoto wachanga, alipoanza kuona kwamba maradhi ya watu wake yalikuwa na mizizi nje ya hospitali. Miaka hiyohiyo alikuwapo pia Ellen Kuzwayo, mwalimu na mama wa watoto, aliyeingia shuleni hapo akiwa anakaribia umri wa miaka 40. Mwaka 1994 mama huyo aliingia katika bunge la kwanza la Afrika ya Kusini huru.

Tafakari, ndugu msomaji, darasa la namna hiyo: msichana wa miaka kumi na saba kando ya mama wa karibu miaka arobaini, mtu wa mjini na mtu wa mashamba, mtu wa Transvaal, mtu wa Bulawayo na mtu wa Gaza. Haikuwa ajabu kwamba walitoka humo wakiwa wameijua Afrika ya Kusini yote kuliko watawala wake. Watawala nao walilitambua hilo. Siasa ya ubaguzi ilipozidi kukaza kamba, shule ikafungwa.

KABETE: WANAFUNZI WALIOTOKA VITANI

Huku kwetu Afrika Mashariki mambo yalianza kwa namna nyingine, na hapa ndipo askari anapopaswa kusoma kwa makini. Karibu na Nairobi, mahali paitwapo Kabete, ilikuwako Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa mwaka 1925 ili kufundisha walimu wa kuzunguka vijijini. Walimu hao walikuja na wake zao, na wake hao nao walifundishwa usafi, malezi na upishi. Vita Vikuu vya Pili vilipofika, jeshi lilipachukua mahali hapo kwa mafunzo yake.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya askari wa King's African Rifles walirudi kutoka Burma na kwingineko. Walikuwa wameiona dunia. Wengi walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika jeshini, na wote walikuwa na Kiswahili, lugha iliyowaunganisha Mkamba, Mnandi, Mnyamwezi na Mwacholi katika handaki moja. Serikali za kikoloni ziliwahitaji watu wa namna hiyo, na pia ziliwaogopa. Basi baadhi yao walipelekwa Kabete, na kufundishwa kuwa wafanyakazi wa ustawi wa jamii: kuendesha kumbi za wananchi, kufundisha watu wazima kusoma, kueleza habari za afya na kilimo. Tanganyika nako vilijengwa vituo vya ustawi ambavyo hapo mwanzo vilikusudiwa askari waliorudi.

Kwa hiyo, wakati ambapo Berlin darasa la ustawi lilikuwa la mabinti, Kabete lilikuwa la makoplo na masajini. Kazi ni ileile, lakini sura za wanafunzi zilihitilafiana kama usiku na mchana. Hii yatuonyesha kwamba hakuna maumbile yanayosema kazi hii ni ya mwanamke au ya mwanamume. Ni mlango uliofunguliwa, na mtu aliyekuwa karibu na mlango huo, ndivyo viliamua.

Lakini tusiisifu Kabete kupita kiasi. Darasa la wanaume watupu nalo lilikuwa na upofu wake. Mfanyakazi wa ustawi aliyekuwa koplo aliweza kuwakusanya wazee chini ya mti na kuwaeleza juu ya matuta ya shamba. Hakuweza kwa urahisi kuingia jikoni na kuulizia kwa nini mke wa nyumba ile ana jicho lililovimba.

UGANDA: KUTOKA WAVULANA 14

Nchini kwetu Uganda, Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wavulana 14. Wito wake wa kwanza uliwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Mwaka 1945 wanawake sita wa kwanza waliingia, na wito huo ukabadilishwa kuwa ule wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Chuo cha Nsamizi, kilichoanza katika kilima cha jina hilo mjini Entebbe na ambacho leo kipo Mpigi, kilichukua kazi ya kuwafundisha maofisa wa maendeleo ya vijiji. Katika miaka ya 1960 Makerere nayo ilianza kufundisha kazi ya ustawi wa jamii. Lakini kwa kuwa chuo kizima kilikuwa na wanaume wengi mno, nyuso za wanawake katika madarasa yake zilikuwa chache.

Mwaka 1990 serikali iliamua kwamba kila msichana anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha umma aongezewe pointi moja na nusu. Wakati huo wanawake Makerere walikuwa kama robo tu ya wanafunzi wote. Katika muda wa miaka kama kumi na mitano walikaribia nusu. Wako waliolalamika kwamba huo ni upendeleo. Lakini askari wa kituoni ambaye leo anaweza kumkabidhi msichana aliyenajisiwa kwa ofisa mwanamke aliyefunzwa vizuri, ndiye shahidi wa faida yake.

Badiliko la pili lilikuja mapema katika miaka ya 1990, wakati vyuo vilipoanza kupokea wanafunzi wanaojilipia, na masomo ya jioni yakaanza. Hapo darasa likapata sura mpya: karani aliyetoka kazini, muuguzi, mwalimu, mama mwenye mtoto nyumbani, na pia askari wa polisi aliyevua sare saa kumi na moja na kuingia darasani saa kumi na mbili. Kadhalika uko mlango wa watu wazima, ambao huwaruhusu waliochelewa katika masomo kufanya mtihani maalumu na kuingia chuo kikuu. Serikali pia imetenga nafasi za wanafunzi wenye ulemavu.

Badiliko la tatu lina uchungu kidogo. Kuanzia mwaka 2005 sehemu kubwa ya nafasi zinazolipiwa na serikali katika vyuo vikuu zilielekezwa katika masomo ya sayansi. Nia ilikuwa njema, maana nchi inahitaji wahandisi na madaktari. Lakini matokeo yake ni kwamba wengi wanaosomea ustawi wa jamii sasa ni wale ambao wazazi wao wanaweza kulipa karo. Mtoto wa mjane wa Karamoja, ambaye anaijua njaa bila kufundishwa, huweza kuyakosa masomo ambayo yangemfanya awe msaidizi bora kuliko wengi. Mwaka huohuo wa 2005 mpango wa nafasi za wilaya ulianzishwa ili kila pembe ya nchi ipate kitu, na huo ni msaada. Lakini kibaba kimoja hakijazi ghala.

MTOTO ALIYETOKA PORINI

Pengine msomaji atasema: mtu mwenye shahada ni mtu mwenye shahada, awe wa kabila lolote, mwanamume au mwanamke, maskini au tajiri. Wenzetu waliotumikia Divisheni ya Nne huko Gulu wanaweza kumjibu.

Katika vita vya kaskazini, watoto wengi walitekwa na kundi la Kony. Wale waliotoroka au kuokolewa katika mapigano walifikishwa kwanza katika kitengo cha jeshi cha kuwalinda watoto, kisha wakakabidhiwa kwa vituo vya mapokezi, kama vile GUSCO kilichoanzishwa mwaka 1994 na kile cha World Vision kilichofuata. Tarehe 10 Oktoba 1996 wasichana 139 walitekwa kutoka shule ya Aboke kwa usiku mmoja. Mtawa Rachele Fassera aliwafuata watekaji porini kwa miguu na akarudi na 109. Kati ya 30 waliobaki, wako waliorudi baada ya miaka mingi wakiwa na watoto mgongoni, na wako waliokufa huko.

Sasa fikiri. Msichana wa namna hiyo anapoketi mbele ya mfanyakazi wa ustawi, je, ataufungua moyo wake kwa mwanamume asiyemjua, anayemkumbusha wale aliowakimbia? Na mvulana wa miaka kumi na minne ambaye alilazimishwa kumpiga jirani yake hadi kufa, ataeleza hayo kwa lugha ya shule ambayo hakuisoma? Yeye anayo maneno ya Kiacholi tu. Anahitaji mtu ajuaye kwamba katika lugha hiyo kuna mambo yasiyotamkwa mbele ya mdogo, na kuna desturi za kumtakasa aliyemwaga damu kabla hajaketi tena na ukoo wake. Huenda pia anahitaji mwanamume, mtu wa umri wa baba yake, amwonyeshe kwa mwenendo wake kwamba mwanamume anaweza kuwa na nguvu bila kumtisha mtu.

Vituo vile vilihitaji, basi, wanawake na wanaume, vijana na watu wazima, wasomi na watu wa kijiji kilekile. Darasa lenye watu wa namna moja haliwezi kutoa wafanyakazi wa namna zote hizo.

Somo hilo tulilipata hata kabla ya hapo, katika balaa la UKIMWI. Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba, aliyekuwa ametoka kumzika mume wake, alianzisha TASO pamoja na wenzake, ambao wengi wao walikuwa na virusi vya ugonjwa huo miilini mwao. Wagonjwa waliwasikiliza kwa sababu waliona kwamba wanaoshauri wanayajua maumivu yenyewe. Wako wapiganaji wetu ambao leo wako hai kwa kuwa walikubali kuketi mbele ya mshauri wa namna hiyo.

MWITO KWA WENYE SARE

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika kambi zetu wamo wajane, yatima, vijana wa kambini wasio na shughuli, na ndoa zinazoyumba kwa sababu baba yuko mbali na nyumbani. Katika vituo vyetu vya polisi Kitengo cha Ulinzi wa Watoto na Familia kinashughulika kila siku na kesi zisizotatuliwa kwa pingu. Tunasema tunahitaji wafanyakazi wa ustawi wanaotuelewa. Lakini ni wangapi kati yetu waliojiandikisha kuusomea?

Mkongwe aliyeumia vitani, kama wale wenzetu wanaotunzwa Mubende, anaweza kukosa mguu na asikose akili wala subira. Akifundishwa kazi hii, atamwambia mpiganaji aliyekatwa mkono jana maneno ambayo mwalimu wa chuo hawezi kuyasema. Koplo wa polisi aliyekaa miaka kumi na mitano kaunta ameona shida za wananchi kuliko kitabu chochote. Mke wa askari aliyehama kambi tano na watoto wanne anajua habari za kuhama ambazo hazijaandikwa. Na binti yake aliyezaliwa kambini na kuzungumza lugha nne kabla ya kuanza shule ni hazina.

Liko jambo jingine tunalolidharau, nalo ni lugha yetu. Uganda inawahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja. Wengi wa wale waliotoka Kongo, wanaoishi Nakivale, Kyaka na Kyangwali, wanazungumza Kiswahili. Wahitimu wengi wa vyuo vyetu, ingawa wana vyeti vizuri, hawawezi kumwuliza mama wa Kikongo jina la mtoto wake aliyepotea njiani. Askari anaweza. Kiswahili ambacho baadhi ya raia wamekichukia kwa kuwa walikisikia mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, chaweza kuwa lugha ya faraja kikitamkwa na mtu aliyefundishwa kufariji.

Nawasihi makamanda basi wasimcheke askari anayeomba ruhusa ya kusoma jioni masomo ya ustawi wa jamii, wala wasidhani anatafuta kazi nyepesi. Nawasihi wazazi kambini wasimkataze mvulana anayetaka kusomea kazi hiyo kwa kusema ni ya wanawake. Wamweleze habari za Attlee, Mondlane na makoplo wa Kabete. Nao wenye vyuo tunawaomba watazame orodha zao za wanafunzi kama kamanda anavyotazama gwaride, waulize: nani hayupo? Mtoto wa nani ameachwa nyuma kwa sababu ya karo, ya umbali, au ya lugha?

Turudi, ndugu msomaji, penye ile kaunta ya usiku. Mtoto bado amesimama, na alama zake mgongoni. Hajui habari za Amsterdam wala za Makerere. Anamtazama mtu anayeingia mlangoni asubuhi, na kwa kumtazama tu anaamua kama atasema ukweli au atanyamaza. Uamuzi wake huo ulianza kutayarishwa miaka mingi kabla, siku ile ofisi ya chuo ilipobandika ukutani majina ya waliopokelewa. Aisifuye mvua imemnyea. Basi tuhakikishe kwamba katika majina yale wamo waliolowa.